Muhuri Unakaa kwa Nani? Uongozi wa Utumishi katika Jumuiya za Wanafunzi

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya viongozi wapya wa jumuiya za wanafunzi

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, walezi wa jumuiya, na ninyi wadogo zangu mliochaguliwa hivi karibuni kuwaongoza wenzenu, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie uongozi wa utumishi. Jambo hili lina pande nyingi, nami nitashika upande mmoja tu, kwa sababu naamini ndipo jumuiya zetu zinapoumia: mwanachama asiye na cheo chochote anapata nguvu gani kutokana na ninyi kuwa viongozi wake?

Msamiati huu wa kiongozi mtumishi ulienezwa na Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi kwa karibu miaka 40 katika kampuni ya simu ya AT&T kabla ya kuandika insha yake ya mwaka 1970. Alikuwa mtu wa ofisini aliyezijua taasisi kubwa kwa ndani, na kipimo alichokiweka hakihusu tabasamu la kiongozi wala upole wake. Aliuliza kama wale wanaotumikiwa wanakua, kama wanazidi kuwa na hekima na uhuru, kama wao nao wanaelekea kuwa watumishi wa wengine, na kama mnyonge kuliko wote amepata nafuu au walau hakuongezewa mzigo.

Sisi Watanzania hatukulazimika kusubiri fikra hiyo ivuke bahari. Mwezi Februari mwaka 1971 TANU, chama kilichotawala wakati ule, ilitoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu, tena wafanyakazi wa viwandani waliishika ibara hiyo na kuwadai mameneja wao heshima. Kabla ya hapo wanachama walikuwa wakiahidi kwamba cheo ni dhamana. Naomba mlitafakari neno hilo dhamana, kwa sababu tumelizoea mno hata halitushtui tena: ni mali ya mtu mwingine iliyowekwa mkononi mwako, na mwenyewe ana haki ya kuja kuidai. Waislamu mliopo hapa mnaijua Hadithi ya Mtume isemayo kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na Wakristo mnamjua Yesu aliyewaosha miguu wanafunzi wake. Hakuna aliyekuja leo akiwa mgeni wa somo hili.

Basi kwa nini tunashindwa? Wengine hushindwa kwa kupenda utukufu, na hao sitakaa nao sana. Mtaona meza kuu imetandikwa kitambaa na kupangwa maji ya chupa, wanachama wamebanana kwenye mabenchi, na kijana wa miaka 22 anaitwa mheshimiwa na wenzake wanaokula naye kantini moja. Hilo linaonekana kwa macho, na linarekebishika kwa siku moja.

Gumu zaidi ni lile lisiloonekana, nami nitawaonyesha mahali linapojificha, yaani kwenye ajenda. Chukueni ajenda ya kikao chenu chochote. Kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mwenyekiti, taarifa ya fedha, na mwisho kabisa, mengineyo. Mwanachama wa kawaida anaishi kwenye mengineyo. Binti aliyetoka Newala, ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mkopo na ambaye alitaka kuuliza kama jumuiya inaweza kumsaidia kuandika rufaa, amekaa saa mbili akisubiri zamu yake, na zamu hiyo inapofika ukumbi umeshaanza kuwa mtupu na mwenyekiti anasema muda umetutupa mkono, mwenye swali anione baadaye. Hakuna aliyemtukana, na kila kitu kimekwenda kwa mujibu wa katiba, lakini binti yule ameondoka akiwa amejifunza kwamba neno lake ni la ziada. Hamisheni suala la wanachama liwe la pili, mara baada ya muhtasari, na taarifa ya mwenyekiti isubiri. Fungueni pia makundi ya WhatsApp ambamo viongozi pekee ndio wanaoruhusiwa kutuma ujumbe. Kama mnaogopa fujo, wekeni kanuni na msimamizi, lakini msiwazibe watu midomo kisha mkaandika kwenye taarifa kwamba hakuna malalamiko yaliyopokelewa.

Sasa niseme kosa la pili, na hili ni langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa katibu wa jumuiya moja yenye wanachama wengi, na niliamini kwa moyo wote kwamba ninatumikia. Barua niliandika mimi, mahudhurio niliyaita mimi, ukumbi niliuomba mimi, hata viti nilivibeba mimi. Watu walinisifu sana. Mwaka wa pili nilikwenda mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi, huko Nachingwea, kwa majuma manane. Katika majuma hayo wenzangu walitaka kuandaa mkutano, wakaandika barua, na barua ikarudishwa kwa sababu haikuwa na muhuri. Walipekua kabati lote la jumuiya. Muhuri nilikuwa nao mimi Nachingwea, ndani ya begi, umefungwa kwenye soksi ili wino usichafue mashati. Niliporudi hapakuwa na kikao hata kimoja kilichofanyika, na mtunza vifaa aliniambia maneno ambayo sijayasahau: kaka, sisi tulidhani jumuiya imekwenda fildi.

Nilikuwa nimefanya kazi nyingi bila kumwacha mtu yeyote akue. Kumfanyia mtu kila kitu kunafanana sana na utumishi, na ndiyo maana ni vigumu kujikamata unapokosea. Tangu hapo naamini kwamba kiongozi mtumishi lazima akubali kazi ifanyike vibaya kidogo na mwanachama anayejifunza, kuliko ifanyike vizuri na yeye peke yake. Muhtasari wa kwanza wa katibu msaidizi utakuwa na makosa. Keti naye, uusahihishe pamoja naye, na kikao kijacho umwachie tena.

Kuhusu fedha, hapa kusini tuna darasa letu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, ulianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, na wengi wenu mmewahi kufuatana na wazazi wenu kwenye mnada wa chama cha ushirika. Kabla mnada haujahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, zabuni za wanunuzi zilikuwa kwenye bahasha zilizofungwa. Zilifunguliwa mbele ya wakulima na bei zikasomwa kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kisha wakulima waliulizwa kama wanauza, na walikuwa na haki ya kusema hatuuzi. Ushirika umekuwa na matatizo yake, tena makubwa, lakini jambo hilo moja lilikuwa la haki. Mzee mwenye magunia mawili alisikia namba ileile, kwa wakati uleule, pamoja na mwenyekiti wa chama chake.

Jumuiya yenye wanachama 300 wanaotoa ada ya shilingi 2,000 kila muhula inashika shilingi 600,000. Kwa mwanafunzi anayegawanya bumu lake, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, kati ya chakula, chumba na kutoa nakala za vitabu, shilingi 2,000 si fedha ndogo. Mhazini asiseme matumizi yamekwenda vizuri. Asome namba, aweke stakabadhi mezani ili wapitishiane, kisha aulize kama wanakubali, na wakikataa asiitwe mtu yeyote msaliti.

Nimalizie na makabidhiano, ambayo wengi huyafanya kwa picha ya pamoja na soda. Anzeni kukabidhi mwezi wa kwanza wa uongozi wenu, si wa mwisho. Daftari la wanachama, kitabu cha benki, nywila ya barua pepe ya jumuiya, madeni, namba za simu za walezi: kila kimoja kijulikane na watu wasiopungua wawili, na mmoja wao awe wa mwaka wa kwanza.

Mimi muhuri wangu nilikuja kumkabidhi dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mkimya, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza kikaoni. Aliupokea, akaufuta wino kwa kidole, akaniuliza kitu ambacho mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameniuliza, wala mimi sikuwa nimejiuliza: "Na mimi nisipokuwepo, nani mwingine atajua unakaa wapi?"