Ukurasa wa Kwanza Uwe wa Mtu Unayemjua

Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi ninyi mliotoka vipindini moja kwa moja mkaja kukaa hapa jioni hii. Nimeambiwa wengi wenu hamsomi kompyuta. Mnasoma ualimu, uhasibu, kilimo, ununuzi na ugavi, lakini usiku, mkishamaliza kazi za darasani, mnakaa hosteli mnajifundisha kutengeneza tovuti. Nimefurahi mno kusikia hivyo. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia: ukurasa wako wa kwanza utengenezee mtu unayemjua, mwenye shida unayoiona kwa macho yako, halafu nenda ukaupime kwenye simu yake yeye.

Kwanza niondoe wasiwasi ambao nausikia kila ninapozungumza na wanafunzi: "Hivi mimi ambaye sikusomea TEHAMA nitaweza kweli?" Tim Berners-Lee, aliyependekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, shahada yake ilikuwa ya fizikia. Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakatangaza kwamba teknolojia ile ni ya watu wote, hakuna wa kulipa wala wa kuomba ruhusa. Basi mlango ukawa wazi. Na uko wazi mpaka leo: fungua tovuti yoyote kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja, utaona HTML, yaani lugha inayoandikia kurasa za wavuti, iliyotumwa kwenye kivinjari chako. Kijana anayejifunza kushona hufumua koti kuukuu aone mishono ilivyopita, na watengenezaji wa tovuti wa mwanzo walijifunza hivyohivyo, kwa kufumua kurasa za wenzao. Wewe unayejifundisha peke yako usiku uko kwenye njia kuu, hukupita uchochoroni.

Suala la bando najua linawaumiza, na bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, linapochelewa ndiyo kabisa. Habari njema ni kwamba HTML, na CSS inayopanga rangi na mwonekano wa ukurasa, hazihitaji intaneti ili uziandike. Fungua Notepad, ile programu ya kuandikia ya Windows, andika, hifadhi faili kwa jina index.html, ifungue kwa kivinjari. Umeme ukiwepo, kazi inaendelea. Bando litunze kwa ajili ya kusoma: maelezo ya MDN, tovuti ya marejeo ya watengenezaji wa tovuti, ni ya maandishi, mepesi, na ya kuaminika, na masomo ya tovuti ya freeCodeCamp ni ya bure tangu yalipoanza mwaka 2014. Video mimi siwahimizi sana. Zinakula MB nyingi, na ubaya wake mkubwa ni kwamba unamtazama mtu akiandika kwa saa nzima, unalala ukijiona umejua, asubuhi ukikaa mbele ya faili tupu mkono hauendi. Soma kidogo, andika zaidi.

Sasa tuje kwenye mtu unayemjua. Chukueni steshenari iliyo nje ya geti la chuo, maana hakuna chuo kisicho nayo. Kutwa nzima dada wa pale anajibu maswali yaleyale. Kuprinti kurasa moja shilingi ngapi? Ya rangi je? Mnabaindi? Leo mmefungua? Nitume faili kwa namba ipi? Kabla hujagusa kibodi, kaa naye, sikiliza maswali hayo, yaandike kwenye daftari kwa mpangilio wa yanavyoulizwa. Hapo usanifu umeshaanza. Lililoulizwa zaidi ndilo linakaa juu ya ukurasa. Hadithi ya "karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni kampuni inayokua kwa kasi" haikuulizwa na mtu hata mmoja, basi isiwepo.

Bei ziandike kwa maandishi ya kawaida, kwenye jedwali dogo la HTML. Naona vijana wengi wanatengeneza bango zuri kwenye programu ya picha, bei zikiwa ndani yake, wanalipachika kama picha. Bei ikipanda inabidi bango zima lirudiwe, na mwanafunzi asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, hapati kitu. Hapohapo kumbuka kuandika lang="sw", kuonyesha kwamba lugha ni Kiswahili, kwenye alama ya kwanza ya faili, yaani tagi ya html. Violezo vingi vya kunakili huja na "en", na programu ya kusoma skrini inaweza kukitamka Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza mpaka kisieleweke. Ni herufi mbili tu, na zinamheshimu msomaji.

Namba ya simu iwe ya kugusika. Ukiiweka ndani ya kiungo kinachoanza na tel: mtu anagusa, simu inapiga. Usipofanya hivyo, anaikariri, anatoka kwenye ukurasa, anakosea tarakimu moja, anapiga kwa mtu mwingine.

Halafu peleka ukurasa huo kwenye simu ya yule dada. Hapa ndipo masomo yote yanapoingia kichwani. Kitu cha kwanza mtakachokutana nacho ni maandishi madogo kama punje za mtama, yeye anahangaika kuyavuta kwa vidole. Sababu ni kwamba kivinjari cha simu kisipoelekezwa hujifanya kina skrini ya upana wa pikseli (vile vinukta vya skrini) 980, kisha kinafinya kila kitu kitoshee. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kichwa cha faili, yaani ndani ya tagi ya head:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Baada ya hapo ndipo ujifunze kuzipanga safu kwa Flexbox na Grid, njia mbili za CSS za kupanga ukurasa, ili zijipange upya skrini inapobadilika. Wazo hilo la ukurasa mmoja unaojirekebisha kwa kila skrini lilipewa jina na Ethan Marcotte mwaka 2010, na kwetu sisi tunaoingia mtandaoni zaidi kwa simu ndilo la kwanza kujua.

Cha pili ni picha. Picha uliyopiga kwa simu inaweza kuwa na pikseli 4,000 kwa upana na kufika MB 4. Ukiweka tatu, umemtoza mgeni MB 12 ili aone mashine ya kutolea kopi. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,000 hivi, kila moja mara nyingi itashuka chini ya KB 200, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Mimi nalichukulia hili kama suala la haki. Ile ni pesa ya mtu, na hukumuomba.

Cha tatu, mtoe nje juani na simu yake. Yale maandishi ya kijivu uliyoyapenda chumbani hayaonekani. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na kivinjari cha kompyuta kina zana za kukupimia. Bonyeza F12 uzitafute.

Mtaniuliza kuhusu akili mnemba, kwa sababu leo unaweza kuiambia ikuandikie ukurasa mzima. Itumieni kama mwalimu wa zamu: nakili mstari usioelewa, iulize unafanya nini, ubadilishe, uone kinachovunjika. Msimbo usioweza kuueleza usimpelekee mtu.

Ukurasa ukikamilika unaweza kuuweka mtandaoni kwa huduma ya GitHub Pages bila kulipa chochote. Biashara ikitaka jina lake lenyewe, la .co.tz, lipitieni kwa msajili anayetambuliwa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini: jina lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe yake, na nywila aiweke yeye. Wapo wenye biashara waliopoteza anwani zao kwa sababu kijana aliyewatengenezea tovuti alihitimu, akahama mji, akabadilisha laini. Mkabidhini karatasi yenye tarehe ya kulipia upya, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala.

Mliokuja na kompyuta sogeeni mbele. Tutaanza na faili tupu, tuandike jedwali la bei pamoja, na maswali mniulize tukiwa tunaandika.