Fedha ya Nani Imo Ndani ya Jengo?

Asanteni sana, na namshukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha. Wengi wenu mliomo humu ni maafisa mikopo mlioanza kazi miaka miwili mitatu iliyopita, na mmeniomba niseme juu ya kuwakopesha waendelezaji milki, hawa wanaojenga maghorofa ya kuuza. Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Dar es Salaam, na bado kila faili jipya nalifungua kwa swali lilelile: ndani ya jengo hili, fedha ya nani imo?

Faili likifika mezani linapendeza. Lina hatimiliki, michoro, kibali cha ujenzi, ripoti ya mtathmini, na picha za kompyuta zenye miti ya kijani na watoto wanaogelea. Chukueni mfano huu, nimeupika mwenyewe lakini mtaukuta. Mradi ni wa shilingi bilioni 9 kabla ya riba. Mwombaji anataka 5.4, na hizo 3.6 anasema ni zake. Asilimia 40 mtaji wa mwenyewe! Kamati ya mikopo inaanza kutabasamu.

Sasa shikeni kalamu tuzifumue hizo 3.6. Bilioni 2 ni kiwanja. Alikinunua kwa kiasi gani? Mkataba wa mauziano unasema milioni 800, bilioni 1.2 iliyobaki imezaliwa ndani ya ripoti ya tathmini. Bilioni 1.6 nyingine ameandika kwamba itatokana na malipo ya awali ya wanunuzi. Basi kilichotoka mfukoni mwake ni milioni 800, haijafika hata asilimia 9 ya mradi. Jengo likikwama, yeye anaumia kidogo. Mzigo wote uliobaki ni wa benki, na wa yule mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake apate nyumba ya vyumba viwili.

Kosa hili limewahi kuitikisa nchi nzima. Kule Ayalandi, miaka ya kuelekea 2008, kiwanja cha mwendelezaji kikipanda bei, ongezeko lile lilihesabiwa kuwa mtaji wake wa kununulia kiwanja cha pili. Cha pili kikipanda, kikazaa cha tatu. Vitabuni mtu alikuwa na mtaji mkubwa, na fedha mpya hajaingiza. Bei zilipoanza kuporomoka, mitaji ile ikayeyuka nazo. Anglo Irish Bank, iliyozama sana katika biashara hiyo, ilitaifishwa Januari 2009. Mwaka huohuo serikali ikaunda chombo kinachoitwa NAMA kuzipunguzia benki mikopo ya ardhi na majengo. Mikopo iliyoandikwa euro bilioni 74 ilichukuliwa kwa bilioni 31.8. Pengo hilo likawa hasara ya benki, na sehemu kubwa ya mtaji wa kuliziba ilitoka kwa walipa kodi, wengi wao watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwanja hata kimoja kati ya vile.

Siwalaumu watathmini. Mtathmini anajibu swali aliloulizwa: kiwanja kingeuzwa kiasi gani leo, muuzaji na mnunuzi wakiwa hawana haraka. Swali letu sisi ni zito zaidi. Benki itapata kiasi gani ikilazimika kunadi pagale la ghorofa tatu, kukiwa na zuio la mahakama na watu 30 walioshika mikataba ya kununua nyumba ndani yake? Mwulizeni mtathmini swali hilo pia, kwa maandishi.

Turudi kwenye mfano wetu. Mauzo yote yanatarajiwa kuleta bilioni 12. Riba ni asilimia 16 kwa mwaka, ujenzi ni wa miaka miwili, na mkopo unachukuliwa kidogokidogo, kwa hiyo kwa wastani nusu yake ndiyo inayotozwa riba: milioni 864. Faida inabaki bilioni 2.136. Mradi ukichelewa mwaka mmoja, mkopo ukiwa umekwisha kuchukuliwa wote, riba inaongezeka milioni 864 nyingine. Nondo na saruji zikipandisha gharama za ujenzi za bilioni 6 kwa asilimia 10, ondoa milioni 600. Imebaki milioni 672. Soko likilegea, bei za nyumba zikashuka asilimia 10, ondoa bilioni 1.2. Sasa tuko kwenye hasara ya milioni 528. Hapo hakuna aliyeiba, hakuna tetemeko, hakuna vita. Ni mwaka mmoja tu wa kuchelewa, vifaa kupanda na soko kulegea, na kuchelewa kwenyewe huanza na vitu vidogo: mkandarasi hajalipwa, lifti imekwama bandarini, jengo limeisha ila umeme haujaunganishwa. Hesabu hii ifanyeni kabla ya kusaini. Na mwulizeni mwombaji: riba ya kila mwezi, nyumba zikiwa hazijauzwa, utailipa kwa fedha ipi? Akisema ataitoa kwenye mkopo wetu huuhuu, iandikwe ndani ya bajeti, ionekane.

Nitawasimulia moja langu. Mteja alileta ombi la kutolewa awamu ya nne ya mkopo, na barua yake ilisema jamvi la zege la ghorofa ya tano limekwisha kumwagwa. Nilikwenda bila kumwarifu. Ngazi ziliishia ghorofa ya tatu. Nondo za nguzo zilikuwa zimechomoza juu zimepata kutu nyekundu, na ghalani nilihesabu mifuko 11 ya saruji, mingine imeshaganda. Nje ya uzio alikuwapo mama lishe. Nikaagiza chai, nikamwuliza biashara inaendaje. Akanijibu, "Mwanangu, zamani nilikuwa napika kilo kumi za unga hapa. Sasa hivi mbili, na zinabaki." Mafundi walikuwa wameondoka wiki tatu nyuma. Awamu ya tatu tuliyoitoa sisi ilikuwa imekwenda kununua kiwanja kingine upande wa pili wa mji.

Kosa lilikuwa letu. Tuliwahi kutoa fedha kwa kuangalia picha za simu na cheti cha malipo, ile karatasi inayothibitisha kazi iliyofanyika, kilichosainiwa na mtu aliyeajiriwa na mkopaji huyohuyo. Tangu siku ile sikubali mkopo wa ujenzi ambao mkadiriaji majenzi wake, yule anayepima kazi iliyofanyika na gharama zake, haripoti kwa benki. Mtaji wa mwombaji unaingia kwanza wote, kwa risiti, ndipo shilingi yetu ya kwanza inafuata. Malipo yanakwenda moja kwa moja kwa mkandarasi na wauza vifaa. Fedha za wanunuzi zinakaa kwenye akaunti maalumu na zinatoka kwa hatua za ujenzi, kama mkopo wenyewe. Hili la wanunuzi naliombea sana. China, mwaka 2022, watu katika miji mingi walitangaza kugoma kulipa mikopo ya nyumba kwa sababu nyumba walizokwisha kuzilipia zilikuwa zimeachwa bila kumalizwa. Fedha zao zilikuwa zimekwenda kwingine.

Dhamana ya kisheria mnaijua, nitaipita haraka. Someni masharti ya hati, angalieni miaka iliyobaki, na mtu akiweka rehani nyumba ya familia hakikisheni mwenza wake ameridhia kwa maandishi, mkiwa mmemwona kwa macho. Nimeona rehani ikipigwa chini kwa saini ya mke ambayo mke mwenyewe hakuijua.

Kesho saa tatu asubuhi tutakwenda kwenye jengo moja linaloendelea. Vaeni viatu vya kufunika vidole, na kila mmoja aje na nakala ya bajeti na cheti cha malipo cha mwisho. Kabla ya kupanda ngazi tutapita kwanza kwa mama lishe, tunywe chai.