Miwa Hii Ilikatwa Lini?

Mwenyekiti, asante kwa utambulisho. Umesema nitaeleza jinsi kiwanda kinavyotengeneza sukari. Niwie radhi, naanza kwa kukupinga: kiwanda hakitengenezi sukari hata punje moja. Sukari imeshatengenezwa na muwa shambani, kwa jua, maji na hewa. Kiwanda kinaitoa tu, na kila hatua ya kuitoa inapoteza kidogo. Walionisikia siku za nyuma wanajua naelekea wapi. Wanivumilie.

Muwa uliokomaa ni maji takriban asilimia 70, halafu nyuzinyuzi, na sukrosi, yaani ile sukari tunayoitafuta, kama asilimia 10 hadi 15. Kiwanda kinachokwenda vizuri, kikipewa tani 100 za miwa, kinatoa tani 10 au 11 za sukari. Watu wakisikia hivyo huniuliza habari za mashine. Mimi nawauliza: miwa hiyo ilikatwa lini?

Panga likishapita, muwa hauweki tena sukari, unaanza kuivunja. Ndani yake mna kimeng'enya, kichocheo cha asili, kinachoigawa sukrosi kuwa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi. Najua yupo atakayesema: si bado ni sukari, na utamu si upo palepale? Upo. Lakini hatuuzi utamu, tunauza fuwele, na hizo mbili hazigandi pamoja na sukrosi kwenye mitambo yetu. Zinaishia kwenye molasi, ile shira nyeusi inayobaki fuwele zikishatolewa. Wakati huohuo, pale panga lilipopita pako wazi, na bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides anaingia. Huyu anakula sukrosi na kutengeneza dekstrani, aina ya gundi. Juisi inavutika kama kamasi, machujio yanaziba, fuwele zinakua ndefu na nyembamba, na kuzitenga na molasi kunakuwa kazi ya kulaaniana. Muwa uliochomwa moto kabla ya kukatwa huharibika upesi zaidi. Uliokatwa vipande vifupi na mashine ya kuvunia ndio usiseme, kwa sababu kila kipande kina ncha mbili zilizo wazi.

Kuna uwanja wa kiwanda kimoja, sikitaji, ambako meneja alinipeleka kwenye rundo la miwa iliyokaa siku kadhaa juani. Akakamua tone kwenye kipimo cha briksi, akanionyesha kwa furaha: "Tazama, imepanda!" Bila shaka imepanda! Muwa umekauka, maji yamepungua, na kipimo kile kinahesabu kila kilichoyeyuka humo: sukrosi, glukosi, fruktosi, chumvi, gundi. Nikamwomba tupeleke juisi ileile maabara, kwenye polarimita, kifaa kinachopima jinsi juisi inavyouzungusha mwanga maalumu unaopita ndani yake. Sukrosi huuzungusha mwanga huo upande wa kulia. Mchanganyiko unaobaki ikishavunjika huuzungusha kushoto. Kipimo kilipoteremka, furaha yake nayo iliteremka.

Sasa, mameneja si wajinga, nao wana hoja. Kinu hakitakiwi kusimama. Makapi ya miwa ndiyo kuni za boila, kwa hiyo kinu kikilala kwa kukosa miwa, mvuke nao utalala muda si mrefu. Ndiyo maana wanarundika akiba uwanjani. Sawa, rundikeni. Lakini angalieni rundo linavyoliwa: trekta linamwaga miwa mipya mbele, na mashine ya kupakia inachota hapohapo mbele. Ya nyuma inakaa mpaka inanuka pombe. Panga zamu ili iliyotangulia kuingia itangulie kukamuliwa. Hilo halihitaji mashine, linahitaji mtu mwenye daftari na mamlaka ya kumfokea dereva. Lengo linalotajwa sana ni saa 24 tangu kukatwa hadi kukamuliwa, na kwa vipande vifupi iwe chini ya hapo.

Naona mwenyekiti anagusa saa yake. Haya, kiwanda kizima kwa dakika chache.

Miwa inakatwakatwa na visu, inapondwa, inapita kwenye rola za vinu vinne, vitano au sita vilivyofuatana. Maji ya moto yanamwagwa kwenye makapi kabla ya kinu cha mwisho, na juisi hafifu inayotoka inarudishwa nyuma, kinu hadi kinu, ili kusuuza sukari iliyobaki. Juisi inatiwa chokaa, maana kwa asili ina asidi, na asidi pamoja na joto huvunja sukrosi. Inachemshwa kupita kidogo nyuzi 100, uchafu unatuama, safi inaenguliwa.

Halafu kupunguza maji. Hapa sharti nimtaje Norbert Rillieux, mzaliwa wa New Orleans, aliyepata hataza yake ya kwanza mwaka 1843. Alipanga vyombo kwa mfuatano, mvuke unaotoka kwenye juisi ya chombo cha kwanza ukachemsha cha pili, ambamo mgandamizo ni mdogo zaidi, na kuendelea. Mvuke uleule unafanya kazi mara tatu au nne. Bila mpango huo makapi yasingetosha kuendesha kiwanda. Mtu huyu alistahili mhadhara wake peke yake.

Shira nzito inaingia kwenye pani za ombwe, yaani masufuria makubwa yaliyofungwa na kunyonywa hewa, inachemka kwa nyuzi 65 hivi isiungue, inapandwa vumbi la sukari, na fuwele zinakua juu ya vumbi hilo. Mashine za kuzungusha kwa kasi zinatenga fuwele na molasi. Molasi inapikwa tena, na tena, mpaka kuendelea kuipika hakulipi. Kusafisha sukari iwe nyeupe kabisa, na umeme wa makapi, naviacha.

Ila molasi ile ya mwisho, mnaofanya kazi viwandani, msiiache iende bila kupimwa. Ikiwa sukrosi iliyobakia humo ni nyingi, wapishi wa pani waulizwe. Ikiwa glukosi na fruktosi zimezidi kuliko kawaida ya majira, msiwaulize wapishi, nendeni uwanjani mkaulize miwa ilikatwa lini. Maswali sasa, na tafadhali asianze mtu na lile la kununua kinu kikubwa zaidi.