Muhuri Uliokosa Mgongaji

Ndugu zangu, leo tena nazungumzia serikali inayofungwa kwa kukosa bajeti, na mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi: jimbo la Minnesota, Marekani, Julai 1, 2011. Mwaka wao wa fedha huanza siku ileile tunayoanza sisi. Gavana Mark Dayton anataka matajiri waongezewe kodi, Bunge la jimbo lililo mikononi mwa chama cha Republican linakataa, pengo la dola bilioni 5 liko mezani, saa sita usiku inagonga, bajeti hakuna. Watumishi kama 22,000 wakabaki nyumbani siku 20.

Nani aendelee na kazi? Akaamua jaji, Kathleen Gearin. Polisi wa barabara kuu, magereza, wauguzi: sawa. Jaji mkuu mstaafu Kathleen Blatz akawekwa kusikiliza walioachwa nje ya orodha ya huduma muhimu, na foleni ikawa ndefu. Hata wenye uwanja wa mbio za farasi walikwenda mahakamani.

Sasa sikilizeni ya bia, najua mnaisubiri. Kila chapa ya bia inayouzwa Minnesota lazima iwe na usajili hai serikalini. Kampuni ya MillerCoors ilikuwa na chapa 39 zinazoisha muda. Hundi yao ya kwanza ilikuwa na kiasi kisicho sawa. Walipotuma nyingine, karani wa kugonga muhuri akaondolewa kazini kabla hajaishughulikia. Jimbo likawaambia: ondoeni bia madukani! Hapo hapo, baa, mikahawa na maduka zaidi ya 300 hayakuweza kuhuisha kadi ya kununulia pombe kwa jumla. Kadi ya dola 20! Mwenye baa pesa anazo mfukoni, wa kuzipokea hayupo.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa: bia nayo ni huduma muhimu? Mzee wangu, sijasema hivyo. Nasema karani yule hakuwamo kwenye orodha ya mtu yeyote, na hamwezi kumjua mpaka akosekane. Leo kakwama mwenye baa. Kesho ni fundi au muuguzi anayesubiri leseni. Orodha huandikwa na watu wanaofikiria moto na wezi tu.

Jirani zao Wisconsin wana sheria nyepesi: bajeti mpya ikichelewa, ya zamani inaendelea. Basi! Hakuna jaji wala foleni. Mtaniambia wanasiasa watabweteka bila shinikizo. Shinikizo lipi? Lililomkalia mfagizi wa bustani ya jimbo, aliyekosa mshahara wikendi ya Julai 4 bustani zikiwa zimefungwa? Na walipatanaje mwishowe? Wakachelewesha zaidi ya dola milioni 700 za shule na kukopa kwa kutegemea fidia ya kampuni za tumbaku. Yote hayo yaliwezekana Juni, watu wakiwa kazini.

Kenya, Ibara ya 222 ya Katiba inaruhusu Bunge, bajeti ikichelewa, kuidhinisha fedha zitoke mapema, mwisho nusu ya makadirio ya matumizi. Wanasheria wataieleza kuliko mimi.

Nilitaka kusema pia jinsi ya kurudisha huduma baada ya mgogoro, kwani leseni zilizorundikana hazijishughulikii, lakini mwenyekiti kashanyanyua saa. Jimbo la New Jersey nalo lilikosa bajeti mwaka 2006, na kasino za Atlantic City zilifungwa kwa kukosa wakaguzi wa jimbo. Karani wangu yule yule! Wanaotaka kubishana, nipo nje penye chai.