Ua wa Nile Mansions

Wazee wetu, na ninyi vijana mliotoka vyuoni, asanteni kwa kufika.

Wengi wenu mmeshaingia Kampala Serena, kwa harusi au kwa semina. Mmepiga picha bustanini, mkanywa chai. Ni hoteli nzuri, na mimi hufurahi kuiona Kampala ikiwa na mahali kama pale. Ila leo naomba tuiite kwa jina lake la kwanza: Nile Mansions.

Ilijengwa Nakasero pamoja na ukumbi wa mikutano, kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1975. Idi Amin alitaka wageni wake walale pazuri. Mkutano ukiwa unaendelea, Yakubu Gowon wa Nigeria akapinduliwa kwao, naye yuko hapa Kampala. Kisa hicho mmekisikia mara nyingi.

Kinachosimuliwa kwa sauti ya chini ni cha tarehe 16 Februari 1977. Siku hiyo Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliitwa hapo pamoja na maaskofu wenzake. Walisimamishwa uani juani. Mbele yao zilipangwa silaha zilizodaiwa kuwa za njama ya kumpindua Amin. Wanajeshi walipoulizwa watu hawa wafanywe nini, walipaza sauti kwamba wauawe. Walisema kwa Kiswahili, ndugu zangu. Kwa lugha hii hii ninayowasemesha.

Siku ile ile Luwum aliuawa, yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Amin aling'olewa 1979, lakini mateso hayakuondoka naye. Katika utawala wa pili wa Obote, vyumba vya hoteli hiyo viligeuzwa mahali pa kuhojia na kutesea watu. Serena ilifungua milango 2006, na mwaka uliofuata Kampala ikawapokea viongozi wa Jumuiya ya Madola.

Tunaofundisha Kiswahili nchini hapa huulizwa kwa nini kinasuasua, ilhali Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Jibu mojawapo liko katika ua ule. Miaka ile, sauti ya Kiswahili mlangoni usiku ilikuwa sauti ya askari, na mama aliwaziba watoto midomo. Hofu hiyo haiondoki kwa kuchapisha vitabu vya kiada. Inataka tuikiri kwanza, na tuikiri kwa Kiswahili.

Kwa hiyo mkimpeleka mgeni Serena, msimwonyeshe bustani peke yake. Mwelezeni kwamba Luwum alipoitwa ndani, maaskofu wenzake walibaki nje wakimngoja, mpaka walipoamriwa waondoke bila yeye.