Mtoto Mwenye Maneno Mengi: Cheza Naye Hivi

Mzazi mwenzangu, mbukwa! Leo tuko barazani hapa Dodoma, jua linazama, na huyu binti yangu wa miaka sita hajanyamaza tangu asubuhi. Wapo wanaomwita kiherehere. Mimi namwona anapenda maneno tu, kama kaka yake anavyopenda mpira.

Kwanza, weka matunda kwenye ungo. Haya nimeyatoa Soko la Majengo. Inua moja moja, yeye ataje mti wake. Embe? Mwembe. Pera? Mpera. Zabibu? Mzabibu. Usimfundishe kanuni, mwache aing'amue. Sasa tazama, nainua ndizi.

"Mndizi!"

Usicheke, tafadhali. Hajabahatisha hapo, kafuata kanuni vizuri, lugha ndiyo iliyokata kona. Mwambie, "Umewaza vizuri, ila huu wenyewe unaitwa mgomba." Halafu mwonjeshe ubuyu. Atauliza mwenyewe: mti ni mbuyu, mbona tunda si buyu? Mwambie ni buyu kweli, lile lenye gamba gumu. Ubuyu ni ule unga na kokwa za ndani. Hapa mtakaa nusu saa, chai ipoe tu.

Pili, chukua daftari. Yeye asimulie, wewe uandike vilevile alivyosema. Kisha msomee, kidole kikifuata mstari. Jana nilijitia mjuaji nikabadilisha neno moja. Akanishika mkono: "Sikusema alienda. Nilisema alichomoka." Nikafuta.

Kama bibi yupo na anaongea Kigogo, aongee naye Kigogo. Kiswahili chake hakitaharibika; atapata maneno mawili pale ambapo wewe una moja.

Giza likiingia, vitendawili. Usitege wewe peke yako, naye atunge vyake, hata kama havina kichwa wala miguu. Sikiliza hiki cha kwake:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ndugu wengi wananing'inia pamoja, kila mmoja kabeba maji yake."

Nimejua ni zabibu, ungo si huu hapa? Lakini najifanya nimeshindwa, maana akishinda lazima nimpe mji, na hapo ndipo anapoongea kuliko kawaida. Nampa Kondoa, anakataa. Nampa Mpwapwa, anatikisa kichwa.

Anataka Dodoma, pamoja na Bunge.