Kuchota viluwiluwi wa mbu bila kuwakimbiza

Habari za saa hizi wadau. Tupo bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kwenye vijifereji vya katikati ya matuta ya mchicha. Buti, daftari, kalamu, hivyo mnavyo. Cha kuangalia ni kata: nyeupe, mililita 350, mpini mrefu. Kata ya kifuu ya bibi nilishaijaribu, ndani kahawia na kiluwiluwi naye kahawia, utaona nini?

Simama jua likupige usoni. Usoni, siyo mgongoni! Likiwa mgongoni kivuli chako kinalala juu ya maji, na hawa wakiona kivuli wanazama. Mwaka wangu wa kwanza niliandika sifuri kwenye dimbwi moja wiki tatu mfululizo, najisifu kabisa. Msimamizi akaja, akachota mara moja, akaninyooshea kata bila kusema neno. Walikuwa wanapishana mle kama daladala Kariakoo. Kwa hiyo kivuli, jamani, kivuli.

Sasa laza kata kidogo, izamishe taratibu pembeni penye majani, maji yaingie yenyewe. Usichote kama unayechota ya kuoga... Dogo, rudi nyuma! Kivuli cha simu hicho! Mmeona? Wote chini. Haya, tunasubiri, hewa wanaifuata juu, watarudi tu.

Shikamoo mama.

"Marahaba. Mnapima, mnataka kutuhamisha?"

Hapana mama, tunatafuta mbu.

"Mbu si wamejaa kwangu, kwenye pipa? Njooni mkachukue."

Tunakuja mama. Haya, wamerudi. Sogeza simu, polepole. Huyu aliyelala bapa usawa wa maji ni Anofelesi, wa malaria. Huyu anayening'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia juu, ni Kuleksi, yule wa kukuimbia sikioni usiku, na matende anaeneza yeye. Huyu mnene kama alama ya mkato, anayebiringita, ni pupa, yaani kiluwiluwi aliyekwisha kukua, anayejigeuza kuwa mbu. Hapo nataka mtulie.

Dawa tunayotumia ni ya bakteria, Bti. Kiluwiluwi hufa kwa kuila. Pupa hali kitu. Utamwaga dawa atakutazama tu, siku mbili hivi ameshaota mbawa. Ukikuta pupa jua kuna wiki uliiruka, basi toboa mfereji maji yaondoke, au fukia kabisa.

Mimi huchota mara kumi kila dimbwi, kila mara sehemu tofauti, naandika wangapi na aina gani. Maji ya kata mwaga mchangani pakavu. Ukimwaga dimbwi la jirani umewahamisha bure. Dozi ipo kwenye lebo, isome, usikadirie kwa jicho. Halafu wiki ijayo siku ileile unarudi, kwa joto hili yai linaweza kuwa mbu ndani ya siku kumi.

Wanaosema hii kazi ya wataalamu tu: mpango wa kudhibiti malaria mjini ulioanza hapa Dar mwaka 2004 uliwatumia wakazi wenyewe, mtaa kwa mtaa, kukagua madimbwi namna hii.

Kata hizi natengeneza, anayetaka aniandikie hapo chini. Dogo, usizime, twende kwa mama tukaone hilo pipa. Na upite kushoto kwangu. Kushoto! Kivuli!